Gauni la arusi la nyanya linalosemekana kushonwa kwa parachuti ya vita: nitathibitishaje, na je, binti yangu alivae?

Mjukuu wa Kengeleni

Wapendwa, naomba msaada wa wenye ujuzi wa nguo za zamani, wa historia ya vita, au wa yote mawili.

Nyanya yangu mzaa mama aliolewa Freretown, Mombasa, mwaka 1948, na gauni lake la arusi limenifikia mimi baada ya mama kufariki. Tangu utotoni tumeambiwa kwamba gauni hilo lilishonwa kwa kitambaa cha parachuti, lakini kila mlango wa ukoo una masimulizi yake. Marehemu mama alisema kuwa babu, aliyekuwa askari wa KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, alirudi nacho kutoka Burma (Myanmar ya leo) na kukificha katika mkoba wake wa jeshi mpaka alipopata mchumba. Mjomba mkubwa anashikilia kwamba babu hakurudi na kitu chochote kutoka Burma isipokuwa malaria, na kwamba kitambaa ni hariri safi iliyonunuliwa kwa siri kutoka kwa mwanamaji wa Kizungu pale Kilindini. Mama mdogo, ambaye masimulizi yetu yote humchosha, anasema ni nguo ya dukani, imetoka katika mtaa ambao leo ni Biashara Street, na kwamba habari za parachuti zilizuka baadaye ili arusi ya watu wa kawaida ipate cha kusimuliwa.

Gauni lenyewe ni refu hadi kwenye kifundo cha mguu, na nyuma lina mkia mfupi. Rangi yake ni ya maziwa, wala si nyeupe kabisa. Mabega na mikono ni ya lesi. Hufunguliwa ubavuni, upande wa kushoto chini ya kwapa, kwa zipu fupi ya chuma na vishikizo viwili vya kulabu. Kuna manjano kwapani na madoa madogo ya kutu kifuani, nadhani palipochomekwa pini za maua. Miaka yote limekaa katika sanduku la bati, kwanza likiwa limefungwa kwa leso, kisha kwa mfuko wa plastiki wenye vidonge vya naftalini, na harufu yake inafika mlangoni kabla ya mtu kufunua kifuniko. Picha ya arusi ni moja tu: nyanya amesimama akiushika mkia wa gauni, nyuma yake likionekana daraja la zamani la Nyali, lile lililoelea juu ya maboya.

Ninayo maswali mawili. La kwanza, kuna njia gani ya kujua ukweli wa kitambaa hiki bila kukiharibu? La pili, binti yangu anaolewa mwezi wa Desemba na anataka kulivaa. Yeye amejaa mwili kidogo kuliko alivyokuwa nyanya, na tena anataka lisafishwe liwe jeupe pepe. Mimi nasita. Naomba ushauri.

Fundi wa Bondeni

Dada yangu, pole kwa msiba wa mama.

Kabla ya kumuuliza mzee yeyote, liulize gauni lenyewe, na upande wa kuuliza ni wa ndani. Tandika shuka safi kitandani, karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, nawa mikono uikaushe vizuri bila kupaka mafuta, kisha uligeuze gauni taratibu ndani nje. Usilining'inize, kwa sababu mabega ya lesi ya umri huo hayawezi kubeba uzito wa sketi.

Tazama kwanza vipande vya sketi. Parachuti ya kubeba mtu imeundwa kwa vipande virefu vya pembetatu vinavyokutana kileleni, na katika parachuti nyingi za wakati ule vilikuwa 24 au 28. Kila kipande chenyewe kiliungwa kwa vipande vidogo vilivyokatwa mshazari, ili kikipasuka mahali pamoja mpasuko usienee kote. Kwa hiyo, fundi aliyepata kitambaa hicho alikuwa na njia mbili: ama aiache mishono ya kiwandani na kuigeuza kuwa sehemu ya mtindo, ama aifumue. Mishono ya kiwandani utaitambua mara moja, kwa sababu kingo zimekunjwa zikaingizwa moja ndani ya nyingine na kupigwa mistari miwili ya cherehani iliyo sambamba, kazi ambayo hakuna fundi wa mtaani angejisumbua kuifanya kwenye gauni la arusi. Ikiwa aliifumua, tafuta matundu ya sindano. Kitambaa kilichofumwa kwa kubana hakisahau tundu. Utaona mstari wa vitundu vilivyopangika vizuri ukikata mahali ambapo mtindo wa gauni hauuhitaji.

Pili, kagua ndani ya pindo na ndani ya posho za mishono, yaani kitambaa cha ziada kinachoachwa ndani kando ya mshono. Viwandani vipande vya parachuti vilipigwa mihuri ya wino yenye namba na herufi, na mshonaji mwenye akili angeuficha wino huo pasipoonekana.

Tatu, zipu. Zipu ya chuma ubavuni inalingana na miaka ya arobaini, kwa hiyo hapo hamna ubishi. Ingekuwa ya nailoni, ningekuambia ama gauni si la 1948 ama zipu ilibadilishwa.

Mwisho ni jaribio la moto, na hili ulifanye kwa adabu. Usikate kitambaa. Chomoa uzi mmoja wa kitambaa chenyewe kutoka kwenye posho ya mshono wa ndani, usiwe ule uzi wa kushonea, kwa kuwa uzi wa kushonea unaweza kuwa wa asili nyingine kabisa na ukakudanganya. Ushike kwa kibanio juu ya sahani ya kaure, mbali na gauni, uuwashe. Hariri huungua polepole, hunuka nywele zilizoungua, na huacha kijidonge cheusi kinachosagika vidoleni. Pamba huungua upesi, hunuka karatasi, na majivu yake ni ya kijivu, laini. Nailoni haiungui kwanza. Hujikunja, huyeyuka, kisha huacha shanga ngumu isiyovunjika. Lesi ijaribu peke yake, maana mara nyingi lesi ilinunuliwa dukani hata pale kitambaa kilipotoka kwingine.

Habari ya kulipanua tutazungumza baadaye. Kwa sasa usimruhusu mtu yeyote aliguse kwa mkasi.

Msomaji wa Kumbukumbu

Nakubaliana na fundi, nami naongeza yanayohusu vita, kwa sababu masimulizi matatu ya ukoo wako yote yana mizizi, na majibu ya ule uzi yataonyesha ni lipi la kufuata.

Nianze na la mjomba. Ni kweli kwamba Kilindini ilijaa wanamaji wa Kiingereza. Baada ya Wajapani kushambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo) mwezi wa Aprili 1942, kundi la meli za kivita la Mashariki lilihamishia makao yake Kilindini, na meli hizo zilikuja na ndege na marubani wake. Kwa hiyo, parachuti Mombasa si jambo la ajabu. Linalonipa shaka ni neno hariri. Hariri nyingi ya dunia ilitoka Japani, na vita vilipoikata biashara hiyo, nailoni, ambayo kampuni ya DuPont ya Marekani iliitangaza mwaka 1938, ilichukua nafasi yake katika parachuti za watu. Hariri haikutoweka, lakini si kila kitambaa cheupe kinachong'aa kilikuwa hariri, hata kama muuzaji aliapa.

La marehemu mama ndilo ambalo watu hulipuuza upesi, nami naliona lina uzito. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na vikosi vya KAR, ilipigana mwaka 1944 katika bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa za Burma, ikafika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba mwaka huohuo. Barabara ziligeuka matope, na askari wale walilishwa kutoka angani: mchele, risasi, dawa, vyote viliangushwa kwa parachuti. Zingatia hapa tofauti ambayo wengi hawaijui. Parachuti ya mizigo haikuwa kama ya mtu. Nyingi zilikuwa za pamba ya kawaida, nyingine zimetiwa rangi ili askari wajue kwa mbali ni mzigo gani umeshuka. Uhaba ulikuwa mkubwa hata Jenerali William Slim akaagiza zitengenezwe za juti kule Calcutta, zile nyuzi za magunia. Nadhani hata bwana arusi aliyependa kiasi gani asingemletea mchumba wake hiyo. Kwa hiyo, ukipata pamba, usidhani kwamba hadithi ya parachuti imekufa. Burma ndiko pamba inakoelekeza.

Mama mdogo naye ana hoja. Kabla ya vita, nguo za pamba za Kijapani zilikuwa zimetawala soko la Afrika Mashariki kwa bei nafuu, na Japani ilipoingia vitani mwishoni mwa 1941 njia hiyo ilifungwa. Nguo zikawa adimu, bei zikapanda. Kufikia 1948 hali ilikuwa inalegea, ingawa Uingereza kwenyewe nguo ziliendelea kuuzwa kwa kuponi hadi Machi 1949. Mtu aliyeoa mwaka huo angeweza kununua dukani, lakini pia asingetupa kitambaa kizuri alichonacho.

Jambo hili halikuwa la kwetu peke yetu. Makumbusho ya Smithsonian, kule Washington, yamehifadhi gauni la Ruth Hensinger, aliyeolewa mwaka 1947. Mumewe Claude, rubani wa ndege ya B-29, alilazimika kujirusha kwa parachuti mwezi wa Agosti 1944 ndege yake iliposhika moto ikitoka kuishambulia Yowata, Japani, na usiku ule aliifanya parachuti yake ya nailoni kuwa mto na blanketi. Baadaye akamkabidhi mchumba wake aishonee gauni. Kamba za parachuti zilitumika kuivuta sketi juu kwa mbele ili nyuma ibaki mkia.

Uliza kama babu aliacha cheti cha kuachishwa jeshi au nishani. Nyota ya Burma hutambulika kwa utepe wake: mstari mwekundu mpana katikati, na buluu nzito pande zote mbili, kila buluu ikiwa na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa ndani yake.

Bi wa Kibokoni

Mwanangu, hujambo. Hao mabwana wamesema ya moto na ya vita. Mimi nitasema ya arusi.

Huku kwetu Mji wa Kale bibi arusi wa zamani alipambwa kwa leso za kisutu, dhahabu, asumini kichwani na udi nguoni, na gauni jeupe la Kizungu lilichelewa kuingia. Kwenu Freretown liliingia mapema, kwa sababu mji ule ulianzishwa na wamisheni wa CMS, chama cha kimisheni cha Kanisa la Anglikana, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani, na arusi za kanisani zilikuja na mavazi yake. Wazungu wenyewe walikuwa wamelipenda jeupe tangu Malkia Victoria alipoolewa nalo mwaka 1840. Kabla yake bibi arusi wao alivaa gauni lake zuri la rangi yoyote.

Ninalotaka ulitazame ni ubavu. Wakati wa usichana wangu gauni la arusi halikuwa la mtu mmoja. Likishonwa, liliolewa nalo mtaa mzima: huyu hulibana, yule hulipanua, mwingine hushusha pindo. Ukikuta mishono miwili au mitatu sambamba ubavuni, yenye nyuzi zisizofanana, jua kwamba nyanya yako hakuolewa peke yake katika gauni hilo, na huenda kuna vikongwe wengine huko Kisauni au Kongowea wanaolikumbuka vizuri kuliko mjomba wako. Uliza wanawake, na uulize ni nani alilishona. Wasichana wa misheni walifundishwa ushonaji, na mshonaji hasahau kitambaa kigumu alichopambana nacho.

Kuhusu binti, mimi nasema avae. Nguo ya arusi inayokaa sandukuni miaka sabini haimfaidi mtu ila nondo.

Mjukuu wa Kengeleni

Shikamoo Bi, na nawashukuru nyote. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na majibu yamenishangaza.

Sketi ina vipande vinne vipana, vyote vikipungua kuelekea kiunoni. Hakuna mshono wa kiwandani uliosalia. Lakini kwenye vipande viwili vya nyuma kuna mstari wa matundu ya sindano, mistari miwili sambamba kwa hakika, unaokata kutoka karibu na pindo la kushoto kwenda juu mshazari hadi unapopotelea chini ya mshipi wa kiuno. Ukilishika gauni dhidi ya mwanga, matundu yale yanaonekana kama njia ya siafu. Hayana kazi yoyote katika mtindo wa gauni. Ndani ya pindo la nyuma, palipokunjwa mara mbili, kuna alama ya wino mweusi uliofifia, herufi moja na namba tatu, ikiwa juu chini.

Uzi wa kitambaa umeungua upesi kwa harufu ya karatasi, na majivu yamekuwa laini ya kijivu. Ni pamba. Lesi nayo imeungua vivyo hivyo. Kitambaa chenyewe si chembamba kama melimeli. Kimefumwa kwa kubana sana, na kikikunjwa hutoa sauti kavu.

Ubavuni kuna mishono mitatu, Bi. Mmoja umeshonwa kwa uzi mweupe, mwingine wa rangi ya maziwa, na wa tatu kwa mkono.

Nishani ipo kwa mjomba, katika droo ya vyombo vya chai, na utepe wake ni kama ulivyoelezwa. Mjomba ameitazama, akakubali kwamba babu alikuwa Burma, akaongeza kwamba hayo hayahusiani na gauni.

Msomaji wa Kumbukumbu

Mjomba ana haki ya kubisha, lakini hariri yake imeondoka. Nailoni pia.

Tuupime ushahidi uliobaki kwa utulivu. Wino peke yake hautoshi, kwa sababu hata majora ya nguo za pamba yaliyouzwa madukani yalipigwa chapa za wino. Chapa hizo za biashara, hata hivyo, kwa kawaida zilikuwa kubwa, zenye jina au picha ya kumvutia mnunuzi, na zilikaa mwanzoni mwa jora. Herufi moja na namba tatu ni lugha ya kiwanda kinachohesabu vipande. Nishani inathibitisha mahali alipokuwa babu, haithibitishi alichobeba. Kilicho na nguvu ni mistari miwili ya matundu inayokwenda mshazari. Nguo mpya ya jora haina sababu ya kuwa na mshono uliofumuliwa katikati yake, tena wa mistari miwili, tena unaoendelea chini ya mshipi wa kiuno. Mstari huo ulikuwapo kabla ya gauni kuwa gauni.

Kwa hiyo, ningeandika hivi katika karatasi ya kuwekwa pamoja na nguo: kitambaa ni cha pamba, kimewahi kushonwa kitu kingine kabla, na dalili zake zinaafikiana zaidi na parachuti ya mizigo kuliko na nguo ya dukani. Burma ni jibu linalowezekana sana. Mama mdogo akitaka kulikataa, na aeleze matundu.

Mhifadhi wa Nguo

Naomba nijibu lile swali la pili, kwa kuwa hapo ndipo gauni linaweza kupotea kabisa.

Juu ya weupe: usitie jiki, hata tone. Jiki hula nyuzi za pamba, na pamba iliyokwisha kuchoka kwa umri hutoka kwenye beseni ikiwa nzima halafu hupasuka wiki chache baadaye pale inapokunjwa. Isitoshe, rangi ya maziwa huenda ndiyo rangi yake ya asili. Nguo ya kijeshi haikuwa na haja ya kung'arishwa kwa ajili ya arusi. Linganisha na sehemu iliyofichwa chini ya mshipi, ambayo haikupata jasho wala mwanga. Ikiwa pale pia ni ya maziwa, mnachokiita uchakavu ni sura ya gauni lenyewe, nalo nyanya alilivaa likiwa hivyo.

Madoa ya kutu yaache. Najua kila mtu ana shangazi anayetumia ndimu na chumvi kisha jua la saa sita, na doa hutoka kweli, lakini asidi ya ndimu na jua hubaki wakiila pamba, na panapokuwa na doa leo pana tundu kesho. Manjano ya kwapani yanaweza kupungua kwa kuoshwa, kwa sharti kwamba kitambaa kinahimili maji. Kama mtaliosha, msitumie maji ya kisima, ambayo kwa sehemu nyingi za Mombasa yana chumvi. Tumieni maji ya mvua yaliyochujwa au yale yaliyotoneshwa, ya baridi, na sabuni laini isiyo na kemikali ya kung'arisha. Gauni lilazwe juu ya wavu na kuinuliwa kwa wavu huo, kwa kuwa nguo iliyolowa ni nzito, na mikono ya lesi haitaweza kuibeba. Lisikamuliwe. Likaushwe kivulini likiwa limelazwa juu ya taulo safi. Zipu ya chuma inaweza kutema kutu ikilowa, na hiyo ni sababu tosha ya kumtafuta mtaalamu badala ya kufanya nyumbani. Anzeni kwa kuuliza makumbusho ya Fort Jesus, ambako kazi ya uhifadhi wa vitu vya kale inafahamika.

Kuhusu kulitunza, plastiki itoke leo. Mombasa unyevu ni mwingi, na unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi ukungu hupata makao. Mfuko wa plastiki huufungia ndani pamoja na nguo. Naftalini nayo si ya kuvutwa na mtu usiku kucha chumbani, achilia mbali bibi arusi. Nunueni bafta au marekani, ifueni mara kadhaa ili wanga wa kiwandani utoke, msitie buluu, kisha mlifunge gauni humo. Kila panapokunjwa, wekeni kitambaa kilichoviringwa kama mto mwembamba ili mkunjo usiwe mkali. Sanduku la bati linaweza kuendelea kutumika likitandikwa vizuri ndani na kuwekwa mbali na ukuta wa nje na sakafu. Lifunguliwe kila baada ya miezi michache, hasa kipindi cha masika, na kila likifunguliwa lisikunjwe palepale lilipokunjwa mwanzo. Bi wa Kibokoni atanisamehe, lakini lisifukizwe udi. Moshi huacha mafuta ambayo baadaye hugeuka madoa ya kahawia.

Je, livaliwe? Mimi si katika wale wanaotaka kila kitu kifungiwe kabatini, lakini kulipanua gauni hili maana yake ni kufumua mishono ya ubavu, na mishono ile mitatu ni sehemu ya habari zake sawa na yale matundu. Tena kwapa la pamba lenye jasho la mwaka 1948 halitamaliza siku nzima ya Desemba ya Mombasa, kanisani, kwenye picha, na kwenye dansi.

Bi wa Kibokoni

La udi nimelisikia, mwanangu. Lakini huyo bibi wa Marekani aliyetajwa hapo juu, nimesoma mahali kwamba bintiye alilivaa gauni lile, na hata mke wa mwanawe. Basi si dhambi.

Mhifadhi wa Nguo

Ni kweli, Bi, walilivaa. Lile lilikuwa la nailoni, nalo lilikuwa bado na umri mdogo. Pamba yetu imekaa sandukuni na unyevu wa bahari.

Fundi wa Bondeni

Basi tupatanishe. Dada, lete gauni hapa dukani, au afadhali nije kwako, nichukue vipimo vyake juu ya karatasi bila kulifumua. Vipande vinne vya sketi, mshipi, na mwili wa juu vinaweza kunakiliwa kwa kuweka karatasi nyembamba juu ya nguo na kufuata mishono kwa penseli laini, kamwe isiwe kalamu. Gurudumu la kunakilia lenye meno lisilikaribie. Kisha tutashona gauni jipya la kipimo cha bibi arusi wetu, kwa pamba iliyofumwa kwa kubana, rangi ya maziwa ileile, na mkia wa urefu uleule ili auweze kuushika kama kwenye picha. Zipu nitaiweka ubavuni kushoto, ingawa wasichana wa siku hizi huipenda mgongoni. Mtindo ule hukaa vibaya zipu ikihamishwa.

Akitaka kitu cha nyanya mwilini siku hiyo, ile lesi ya mabega isiguswe, ila vile vishikizo viwili vya kulabu vinaweza kutolewa kwa muda, kwa kuwa vimeshonwa kwa mkono na uzi wake haushiki kitu kingine. Nitavipachika kwenye gauni jipya, na baada ya arusi nitavirudisha mahali pake kwa matundu yaleyale. Mhifadhi akikataa hata hilo, tutafanya bila.

Kitambaa kinunuliwe kabla ya Novemba. Mwezi wa Desemba Biashara Street hapapitiki, na bei ya kila kilicho cheupe hupanda.

Mjukuu wa Kengeleni

Binti amesoma majibu yote na amekubali gauni jipya, kwa sharti kwamba na lile la zamani liwe limelazwa mezani siku ya arusi watu walione. Mhifadhi, naomba uniambie kama saa chache mezani, ndani ya ukumbi, kutakuwa na madhara. Kwa upande wangu nimekwisha kuandika ile karatasi kama Msomaji alivyopendekeza, na nimeacha nafasi chini yake, kwa kuwa mama mdogo amesema anamfahamu mwanamke mmoja wa Kisauni aliyeolewa mwaka 1950 na ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, aliwahi kulalamika kwamba gauni aliloazimwa lilikuwa likilia kila alipopiga magoti. Jumamosi tunakwenda kumwona.

Mhifadhi wa Nguo

Saa chache hazina neno, mradi liwekwe mbali na dirisha, mbali na taa kali na meza ya chakula, na juu yake patandazwe wavu mwembamba, maana wageni wataligusa hata mkiandika wasiguse. Huyo bibi wa Kisauni mwonyesheni ile mishono ya ubavuni kabla hamjamwambia lolote kuhusu parachuti, na mumwache aeleze mwenyewe.